Mdhamini si mfadhili: mwaka wangu wa sita kwenye bodi ya taasisi ya watoto wenye saratani (uzi mrefu)

Kikao Cha Jioni #1

Wakuu habarini za muda huu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu, leo nimeamua kufungua uzi. Ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu hakuna ubaya.

Mimi ni mdhamini kwenye taasisi ndogo inayosaidia watoto wenye saratani na wazazi wao, huu ni mwaka wa sita. Kwanza tutoane tongotongo kwenye hilo neno. Nikisema mimi ni mdhamini kuna wanaodhani natoa hela kama wale wa timu za mpira, wengine wanadhani nimemwekea mtu dhamana mahakamani asitoroke. Kuna binamu yangu alinipigia kabisa akaniambia kama unawadhamini watoto wa watu wote hao mbona wa kwangu amekushinda. Mdhamini si mfadhili jamani. Mfadhili anatoa chake anaenda kulala. Mdhamini amekabidhiwa hela ya watu wengine aitunze kwa ajili ya mtoto ambaye pengine hatakaa amwone, ikipotea yeye ndiye anaitwa kujieleza, na kwa kazi hiyo halipwi hata senti.

Niliingiaje? Kazi yangu ni ya maghala na malori, saratani nilikuwa naisikia tu. Mwenyekiti wa wakati ule aliniona ni mtu wa kufika kikaoni kwa wakati, basi. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa muhuri. Makabrasha yanakuja mezani dakika 10 kabla, mkurugenzi anasoma, tunatikisa vichwa, tunasaini, tunapiga picha ya pamoja, tunaondoka tukijiona watu wema.

Mwaka wa pili ndo likatokea hili ninalotaka kuwaeleza. Ofisi ilileta ombi la mtoto mmoja, lukemia yake (saratani ya damu) ilikuwa imerudi na madaktari wakasema kilichobaki ni kupandikizwa uloto (ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), huduma ambayo ingepatikana nje ya nchi. Kulikuwa na picha yake amekaa kitandani anacheka. Hela iliyotakiwa ilikuwa karibu sawa na fungu zima la nauli za mwaka, yaani zile nauli tunazowapa wazazi waweze kuleta watoto kliniki na kurudi. Watu walilia pale, mimi mwenyewe nilitoa kitambaa. Mwenyekiti akasema nadhani hili halina mjadala.

Sasa mimi kwa mazoea ya kazini nasoma jedwali kabla ya maneno, mzigo uliotoka na mzigo uliofika lazima vilingane. Kwenye kabrasha lilelile ukurasa wa nyuma kulikuwa na ripoti ya robo mwaka ina mstari mmoja mdogo: watoto 11 hawajarudi kliniki. Hakuna aliyeusoma. Nikauliza, samahani, hawa kumi na moja wako wapi? Chumba kikawa kimya nikajua nimeharibu kikao.

Niliambiwa ni watoto waliokuwa kwenye vidonge. Kwa wasiojua, lukemia kali ya limfu ndo saratani inayowapata watoto wengi kuliko nyingine yoyote, na matibabu yake ni miaka 2 hadi 3. Miezi ya mwanzo ni mikali, dripu, sindano za mgongo, kulazwa. Baadaye mtoto anarudi nyumbani anameza mekaptopurini kila siku na methotreksati mara moja kwa wiki, na anakuja kupimwa damu kila baada ya muda. Na hapo ndo pana mtego, kwa sababu nywele zimeota, anacheza, anakula, ukimwangalia huoni ugonjwa, na nauli imeisha. Madaktari wa saratani za watoto duniani wana kipimo chao, mtoto akikosa matibabu ya kumponya wiki 4 mfululizo anahesabiwa ameacha matibabu. Hao 11 walikuwa wameshapita hapo na nauli walikuwa hawajapewa, kwa sababu ofisini mtu wa kugawa alikuwa ameacha kazi na nafasi yake haikujazwa.

Tulibishana hadi usiku. Mwisho tukapiga kura: fungu la nauli lisiguswe, mtoto wa uloto afunguliwe mchango wake peke yake wenye jina lake na hesabu zake. Mimi ndiye niliyetoa hoja hiyo. Mchango ulifika kama nusu. Mtoto alifariki kabla.

Katika wale 11 tuliwapata 9 kwa simu. Sita walirudi. Mmoja kati ya hao sita alifika ugonjwa umesharudi.

Naombeni maoni yenu wakuu, hasa wenye uzoefu na hizi bodi. Kura ile mngepigaje?

---

Mchokonozi #2

Story nzuri lakini taasisi hizi ni ulaji tu. Picha ya mtoto kipara, namba ya kuchangia, boss anabadilisha gari.

---

Mtu Baki #3

Nimekaa hapa, ngoja waje wenye utaalamu.

---

Hesabu Ngumu #4

Mchokonozi hujakosea sana, nikupe na ushahidi kabisa. Mwezi wa tano 2015 huko Marekani tume ya biashara ya serikali kuu pamoja na majimbo yote 50 waliyafungulia kesi mashirika manne ya saratani yaliyokuwa na ukoo mmoja, kinara wao akiitwa Cancer Fund of America, na mojawapo ya hayo manne lilikuwa limejipa jina la watoto wenye saratani. Walidaiwa kukusanya zaidi ya dola milioni 187 kati ya 2008 na 2012. Wagonjwa walipata makombo. Kwenye mashtaka hela inatajwa kuishia kwenye magari, safari za meli za starehe, karo za chuo, ada za jimu, hadi uanachama wa mitandao ya kutafuta wachumba. Wachumba mkuu! Kwa hela ya mtoto wa kemo (dawa za saratani).

Ila sasa jiulize bodi zilikuwa wapi. Zilikuwepo! Ndo mnaambiwa humo ndani kulikuwa na ndugu na marafiki, kazi yao kupitisha. Kwa hiyo bodi ikiwepo kwenye karatasi haikusaidii kitu kama hamna mtu mmoja mwenye sura ngumu wa kuuliza risiti. Mimi ni mtunza hazina kwenye bodi mbili (si za saratani) na nina jina baya kote kuwili.

Kwa mleta uzi: kura yako ningepiga kama wewe, nitarudi kueleza kwa nini, niko barabarani.

---

Mama Wa Wodi #5

Kikao Cha Jioni pole na hongera. Lakini nikuulize kitu kimoja na usijibu haraka haraka. Angekuwa mwanao?

Mimi ni mzazi. Wa kwangu aliugua lukemia hiyohiyo akiwa na miaka minne, alimaliza vidonge mwaka juzi na yuko shuleni. Wodini nilikaa na akina mama ambao watoto wao hawakutoka. Nyie mkikaa kikaoni mnasema fungu, sisi tunasema jina. Yule mama wa mtoto wa uloto anajua kuna meza ambayo watu walikaa wakasema hapana, hilo hulifuti kwa jedwali.

Sisemi mlikosea, nasema tu msije mkaizoea hiyo hapana.

---

Kikao Cha Jioni #6

Mama Wa Wodi nimekusoma mara mbili. Jibu ni kwamba angekuwa mwanangu ningeuza kila nilicho nacho na ningeigonga hiyo meza hadi ivunjike. Ndo maana mzazi ambaye mwanawe anaombewa fungu hatakiwi kupiga kura siku hiyo, na mimi pia ningetolewa nje. Sijaizoea. Baba wa yule mtoto nilienda kumwona mwenyewe, sikutuma ofisi. Alinikaribisha, hatukuongea sana.

Mchokonozi, gari sina mkuu, natumia la kazini.

---

Hesabu Ngumu #7

Nimefika. Sasa nieleze.

Watu wanadhani tatizo la taasisi za namna hii ni hela kidogo. Mara nyingi tatizo ni KALENDA. Mfadhili anatoa hela ya miezi 12. Bodi inapanga bajeti ya miezi 12. Mkaguzi anakuja baada ya miezi 12. Lakini mtoto mleta uzi ameshasema matibabu yake ni miaka 2 hadi 3! Ukimsajili mwezi wa kwanza ukamwambia mama yake tutakulipia nauli na vidonge, hapo umesaini deni la miaka mitatu kwa hela ya mwaka mmoja, na hakuna kitabu cha hesabu kinachoonyesha hilo deni. Mwaka wa pili mfadhili akihamia mradi mwingine anaacha mtoto katikati, na matibabu ya lukemia ukiyaacha katikati ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mgumu kuliko mwanzo.

Kwa hiyo mdhamini anatakiwa kuuliza hivi: watoto tulio nao LEO, tukiacha kupokea mtoto mpya hata mmoja na hela isiingie tena, tunaweza kuwafikisha mwisho? Kama jibu ni hapana, kila mtoto mpya mnayemwandikisha mnamwandikisha kwa dozi ya mwenzake.

Na hapo ndo inakuja habari ya akiba. Wafadhili wengine wanaichukia, wanasema mbona mna hela benki na watoto wanaumwa. Akiba ni vidonge vya mwakani bwana, havijanunuliwa tu. Uingereza kulikuwa na shirika kubwa la kusaidia watoto wa mazingira magumu linaitwa Kids Company, lilifungwa ghafla mwezi wa nane 2015, na moja ya mambo yaliyosemwa sana ni kwamba lilikuwa linatoa huduma kwa kila anayebisha hodi bila kujiwekea akiba ya maana. Wadhamini wake walipelekwa mahakamani wazuiwe kuongoza taasisi nyingine, kesi ikaja kuamuliwa 2021 na mahakama ikakataa kuwazuia. Kushinda walishinda lakini hebu fikiria, miaka yote hiyo na mawakili, kwa kazi ya kujitolea.

Ndo maana ningepiga kura kulinda nauli. Ila ningependa pia kujua nani alihusika na ile nafasi iliyokaa wazi bila mtu wa kugawa nauli. Hilo ni la bodi, msimtupie mkurugenzi.

---

Kikao Cha Jioni #8

Hapo kwenye nafasi umenipiga. Ni sisi. Tulikuwa tumejisifia kwenye ripoti kwamba gharama za uendeshaji tumezipunguza sana ili hela iende kwa watoto, wafadhili wakapiga makofi. Kumbe "gharama za uendeshaji" alikuwa ni yule dada wa kugawa nauli na kupigia wazazi simu. Mshahara wake ndo ulikuwa unawarudisha watoto kliniki, alipoacha kazi tukaukata tukidhani tumeokoa.

Tangu siku hiyo mtu akinitajia asilimia ya uendeshaji nauliza kwanza humo ndani kuna nani.

---

Sindano Tatu #9

Mimi nesi wodi ya watoto wa saratani, miaka mingi, niseme upande wetu kidogo maana nyie wa bodi tunawaona siku ya kamera tu.

1. Midoli ya manyoya acheni. Mtoto akiwa kwenye kemo seli nyeupe zinashuka, kinga hana, homa ndogo tu kwake ni dharura ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Halafu unakuja na watu 20, wengine wana mafua, mnamkumbatia mtoto mmoja mmoja mnapiga picha, mnamwachia dubu la manyoya limetoka kwenye boksi la vumbi. Tukikataa tunaitwa manesi wakorofi.

2. Dawa za msaada. WHO (Shirika la Afya Duniani) wana mwongozo wao wa misaada ya dawa, dawa ikifika inatakiwa ibakize angalau mwaka mmoja kabla haijaisha muda, na iwe ile mliyoombwa si ile aliyokuwa nayo mtoaji. Sisi tumewahi kuletewa maboksi yamebakiza wiki chache, na sherehe ya kukabidhi ilikuwa kubwa kuliko maboksi yenyewe. Kuharibu dawa ya kemo iliyoisha muda ni gharama, huwezi kumwaga kwenye sinki.

3. Na hii ndo muhimu kuliko hizo mbili, tunawapata wakiwa wamechelewa. Saratani ya jicho kwa mtoto mara nyingi dalili ya kwanza ni ule weupe kwenye mboni, kwenye picha ya flashi jicho moja linang'aa jeupe kama la paka. Wazazi wanaiona wanadhani ni simu mbovu. Ikiwahiwa mtoto anapona na mara nyingine hata jicho linabaki. Uvimbe wa figo nao, mama anamwogesha mtoto anagusa tumbo upande mmoja gumu, anaambiwa ni minyoo. Hela ya kufundisha wale wanaomwona mtoto mara ya kwanza haina picha nzuri kwa hiyo haipati mfadhili.

---

Kikao Cha Jioni #10

Sindano Tatu hapo namba 2 ndo mahali pekee nilipowahi kujiona mtaalamu. Tuliletewa vinkristini, dawa ya kemo, nikauliza itakaa wapi, nikaambiwa stoo. Ile inatakiwa friji, nyuzi 2 hadi 8. Stoo yetu friji lilikuwepo, lina soda za wageni na waya umekatika. Nikasema mzigo hausogei ulikotoka hadi friji litengenezwe na tuwe na kipimajoto na daftari. Nilichukiwa wiki mbili.

Halafu tukaacha kabisa kupokea dawa sisi wenyewe, mtu akitaka kutoa dawa anaongea na famasia ya hospitali, sisi si famasia.

---

Mvua Ya Usiku #11

Naombeni niulize. Mwanangu alifariki miezi minne iliyopita, uvimbe wa ubongo. Taasisi iliyotusaidia imeniomba niingie kwenye bodi kama mwakilishi wa wazazi. Mke wangu hataki, mimi nataka, naona ni kama bado namfanyia kitu. Nikubali?

---

Mama Wa Wodi #12

Pole sana baba. Pole mno.

---

Mchokonozi #13

Pole mkuu. Mimi nilikuja kubisha tu humu, naomba nibaki kusoma.

---

Karani Mstaafu #14

Pole kaka. Nimekuwa katibu wa bodi kwa zaidi ya miaka kumi na nimewaona wazazi wa aina yako wakiingia, wengine ndo wamekuwa nguzo za taasisi hadi leo na wengine tuliwavunja kabisa na sisi ndo tuliowavunja. Tulichokuja kujifunza kwa kuumia ni kutompokea mzazi kabla hajapita walau mwaka, na si kwamba hafai, ni kwa sababu kila kabrasha lina mtoto, na kila mtoto ana umri, na siku moja atakuja mwenye umri wa wako na ugonjwa wa wako, na mwenyekiti atakuomba upige kura kabla ya chai.

Waambie wakutunzie nafasi. Kama wanakutaka wewe watasubiri. Wakikwambia ni sasa hivi kwa sababu kuna mfadhili anataka kuona mzazi kwenye orodha, hapo wanataka picha yako tu.

Na mkeo msikilize. Atakuwa anaona kitu.

---

Kikao Cha Jioni #15

Mvua Ya Usiku pole sana ndugu yangu. Nakubaliana na Karani. Niongeze la karatasi tu, siku ukiamua: omba katiba ya taasisi, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na mihtasari ya vikao vinne vya mwisho. Mihtasari isome kama barua ya mchumba. Ukiona vikao vinne mfululizo kila hoja "imepitishwa kwa kauli moja" na hakuna aliyeuliza kitu, jua unaitwa kuwa muhuri. Angalia hundi zinasainiwa na watu wangapi na kama hao wawili si mtu na shemeji yake. Angalia kama kuna daftari la maslahi. Kwetu kuna mwenzetu ana kampuni ya kuchapa, ni mtu safi kabisa, lakini miaka miwili fulana na mabango yote yalitoka kwake bila bei ya mtu mwingine kuulizwa. Hakuiba. Ila siku tulipoitisha bei tatu yake ilikuwa ya pili. Sasa hivi ajenda ya uchapaji ikifika anatoka nje mwenyewe anaenda kuvuta sigara. (Kwenye bodi ya saratani. Tumemsema tumechoka.)

---

Mtu Baki #16

Swali kwa wote. Hizo picha za watoto mnazoweka mtandaoni, nani anatoa ruhusa? Maana kuna mtoto wa jirani yetu picha yake ilizunguka magrupu yote ya WhatsApp, akapona Mungu mkubwa, sasa yuko sekondari wenzake wameipata wanamwita jina baya.

---

Karani Mstaafu #17

Mtu Baki hilo swali ni zito kuliko linavyoonekana na watu wengi wa bodi hawalitaki.

Niwape kisa. Daktari Sidney Farber wa Boston ndiye aliyeonyesha kwamba lukemia ya watoto inaweza kurudishwa nyuma kwa dawa, alianza kujaribu mwishoni mwa 1947 na matokeo yakachapishwa 1948, hata kama wakati huo nafuu ilikuwa ya muda tu. Mwaka huohuo 1948 walitaka kuchangisha fedha za utafiti, wakaweka mtoto mgonjwa kwenye kipindi cha redio akiongea kutoka kitandani na wachezaji wa besiboli anaowapenda. Alisema anataka televisheni aangalie mechi. Hela zilimiminika, zaidi ya dola 200,000, na mfuko uliotokana na kipindi kile upo hadi leo, Jimmy Fund. Lakini huyo mtoto hakuwa anaitwa Jimmy. Jina lake walilificha, na watu wengi walidhani alishakufa zamani. Ikaja kujulikana 1998, miaka 50 baadaye, kwamba ni mzee anaitwa Einar Gustafson, dereva wa malori. Alifariki 2001.

Sasa watu wa 1948 waliokuwa na redio tu walijua kumfichia mtoto jina. Sisi tunaweka jina, sura, ugonjwa na namba ya wodi, halafu tunasema mama yake amesaini. Mama amesaini fomu ya picha mkono mmoja, mkono mwingine ameshika fomu ya kuomba nauli, hiyo ni ruhusa gani?

---

Kikao Cha Jioni #18

Dereva wa malori! Hapo umenigusa penyewe.

Sisi tumebadilisha, fomu ya picha haipelekwi siku moja na fomu ya msaada, na anayeipeleka si yule anayegawa msaada. Mzazi anaweza kuja miaka mitano baadaye akasema toeni, tunatoa hatuulizi. Michango ilishuka mwaka wa kwanza, siwadanganyi. Mkurugenzi alituambia wazi mnanifunga mikono.

Na jambo lingine ambalo linaenda na hilo, mtu yeyote anayekuja kutoa msaada hakai na mtoto peke yake. Hata awe mfadhili mkubwa, hata awe mdhamini, hata niwe mimi. Kuna mfadhili alikasirika akaondoka na hela yake. Akaondoke.

---

Mchokonozi #19

Nimesema nitabaki kusoma ila imenishinda. Hivi wakuu takwimu zinasemaje, hawa watoto wanapona kweli au tunachangia mazishi?

---

Sindano Tatu #20

Wanapona. WHO wanasema kila mwaka watoto na vijana wa miaka 0 hadi 19 wapatao 400,000 wanaugua saratani duniani. Kwenye nchi tajiri zaidi ya 80% wanapona. Kwenye nchi nyingi maskini na za kipato cha kati ni chini ya 30%. Tofauti hiyo haitokani na watoto wenyewe, wanayoitaja ni kuchelewa kugundulika, kugundulika kimakosa, dawa kukosekana, kuacha matibabu, na kufa kwa madhara ya dawa yenyewe kwa sababu uangalizi ni mdogo. Mwaka 2018 wakaweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau 60% ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona, na wakachagua aina sita za kuanzia, lukemia aliyoitaja mleta uzi imo, ile ya jicho imo, ya figo imo, Burkitt (saratani ya limfu) imo.

Sasa rudi kwenye hiyo orodha ya sababu uone mangapi mtu wa malori anaweza kuyafanyia kitu bila kuwa daktari.

---

Mama Wa Wodi #21

Kikao Cha Jioni nimerudi. Nimefikiria wale 11 wenu usiku kucha, nikupe kitu cha kupeleka kikaoni.

Nyie mlipiga simu baada ya wiki nne kupita. Mimi kipindi cha vidonge niliwahi kukosa kliniki mara mbili. Mara ya kwanza nauli. Mara ya pili nauli nilikuwa nayo! Nilikosa kwa sababu mwanangu mkubwa alinishika nguo mlangoni akalia akasema kila siku unaondoka na huyu, na mimi miguu ikaniishia, nikakaa chini. Halafu nilipokosa hiyo moja nikaona aibu kurudi, nikajua nesi atanifokea mbele za watu (samahani Sindano Tatu). Aibu ndo iliyonifanya nikose na ya pili yake, nauli ninayo kwenye pochi. Aliyenirudisha ni mama mwenzangu wa kitanda cha jirani, alinipigia hakuniuliza mbona hukuja, aliniuliza kesho unakuja na gari la saa ngapi, nikajikuta nimemtajia saa.

Kwa hiyo hiyo simu ipigwe SIKU MBILI KABLA ya kliniki, si wiki nne baada. Na apige mzazi aliyepitia, mumlipe kitu.

---

Sindano Tatu #22

Samahani imepokelewa mama. Tulikuwa tunafoka kweli.

---

Hesabu Ngumu #23

Mama Wa Wodi hiyo hoja ina bei ndogo sana ukilinganisha na kumwanzisha upya mtoto ambaye ugonjwa umerudi. Mleta uzi kaandike pendekezo la ukurasa mmoja, jedwali liwe juu maneno chini.

---

Kikao Cha Jioni #24

Naandika leo. Kikao ni wiki ijayo, nitaleta mrejesho.

---

Mtu Baki #25

Tunasubiri mrejesho mkuu.

---

Kikao Cha Jioni #26

MREJESHO. Samahani kwa kuchelewa, kikao kiliahirishwa mara moja kwa kukosa akidi, ndo bodi hizo.

Hoja imepita lakini haikuwa kwa kauli moja, wawili walipinga, mmoja wao akiwa yule wa uchapaji, alisema tunaongeza mishahara na wafadhili watauliza. Tumeandika majina ya waliopinga na sababu zao kwenye mihtasari. Tumeajiri mama wawili waliopitia, kwa siku tatu za wiki kila mmoja, miezi sita ya majaribio. Hela imetoka kwenye fungu la hafla ya mwaka, mwaka huu hakuna ukumbi wala mabango, kwa hiyo mnaelewa kwa nini wa uchapaji alinuna.

Mwenyekiti aliuliza wakipiga simu waseme nini, ofisi ikataka kuandika maelekezo kurasa mbili. Nikawaambia wamuulize mzazi anakuja na gari la saa ngapi.